Vitunguu vyetu vililala mpakani siku mbili: hiki cheti rahisi cha uasili ni cha gari au cha mtu?

Mama Neti (Taveta)

Wanajukwaa, habari za jioni.

Mimi ni muuza vitunguu. Nanunua upande wa Tanzania, nauza hapa Taveta siku za soko, Jumatano na Jumamosi, na mzigo mkubwa unakwenda Kongowea, Mombasa. Miaka ya mwanzo nilipitisha neti (mifuko ya wavu ya vitunguu) nne nne kwa bodaboda, kwa njia ambazo hata mbuzi wa huku wanazijua. Sijisifu, nawaambia tu mjue nilikotoka. Tangu lami ifike kutoka Voi, kanta, yaani lori dogo, ikiondoka hapa jua likizama, alfajiri inashusha Kongowea. Neti nne za bodaboda hazilipi tena.

Mwezi uliopita tulijiunga wanawake watatu tukakodi kanta moja. Mimi neti 110, mwenzangu wa Mwatate 120, wa tatu 90. Jumla 320. Tulinunua kwa bei ambayo ukiigeuza kwa pesa ya Kenya ni kama 900 neti moja. Tulikuwa tumesikia kwamba mzigo wa Jumuiya ya Afrika Mashariki usiozidi dola 2,000 haulipi ushuru ukiwa na kile cheti rahisi cha uasili, karatasi inayoonyesha mzigo umezalishwa ndani ya Jumuiya. Tukajua tuko sawa.

Kabla hatujafika dirisha la forodha akatokea kijana nadhifu, shati limepigwa pasi, kalamu mbili mfukoni. Akasema yeye ni wakala, atatujazia, 1,500 kila mmoja. Tukampa 4,500. Akajaza fomu moja, kwa jina langu, neti zote 320. Mimi nikaona ni mambo ya wasomi, nikanyamaza. Ofisa akapiga hesabu, akanigeuzia kikokotoo nikisome mwenyewe: 288,000. "Mama, hii imepita. Na karatasi inasema mzigo wote ni wa mtu mmoja." Nageuka nyuma, kijana hayupo. Simu yake inaita tu.

Tulikaa siku mbili tukihangaikia karatasi za mzigo mkubwa. Mliowahi kulala na vitunguu mnajua. Siku ya kwanza harufu ni ya jikoni, unaweza hata kuipenda. Siku ya pili unatia mkono chini ya turubai unakuta joto kama la mgonjwa wa malaria, na chini ya kanta maji ya hudhurungi yanadondoka tone tone, nzi wamejaa. Neti 27 zilikwenda, na karibu zote ni za yule mwenye 90 kwa sababu zake zilipakiwa kwanza, zikawa chini. Sasa hatusalimiani vizuri.

Naomba mnieleweshe. Hiki cheti ni cha gari au cha mtu? Kinalipiwa? Na kuna la pili linaloniumiza kichwa: nilikuwa nakwenda mwenyewe hadi Mang'ola, kule Karatu, kuchagua kitunguu kikiwa shambani. Tangu ile amri ya Tanzania ya Julai 2025 ya kuwakataza wageni biashara fulani naambiwa nikionekana shambani nimekwisha. Ni kweli au ni maneno ya madalali?

---

Meku wa Himo

Mama Neti, pole sana. Nilikaa kwenye ofisi ya uwakala wa forodha miaka kumi na tisa kabla magoti hayajanistaafisha, kwa hiyo nitajibu kirefu. Mwenye haraka apite.

Cheti ni cha mwenye mzigo. Gari ni chombo tu, forodha haijali nani kapanda na nani. Nyinyi mlikuwa na mizigo mitatu ndani ya kanta moja. Piga hesabu na mimi: neti zako 110 ni 99,000. Za mwenzako wa Mwatate ni 108,000. Za wa tatu 81,000. Dola 2,000 kwa bei ya siku hizi ni kama 258,000 za kwenu. Hakuna hata mmoja wenu aliyefika nusu ya kiwango! Yule kijana aliwaunganisha, akawafanya tajiri mmoja kwenye karatasi, na tajiri ana masharti yake: anahitaji cheti kamili, tamko la forodha, na wakala mwenye leseni wa kumtolea mzigo.

Fomu ni bure. Narudia kwa ajili ya watakaosoma baadaye: bure. Inagongwa muhuri na forodha ya nchi mzigo unakotoka, na hapa ndipo watu wanapopotea. Tangu 2016 Holili ya Tanzania na Taveta ya Kenya ni kituo cha pamoja. Ukitoka Tanzania, mambo ya kutoka na ya kuingia yote yanamalizwa ndani ya jengo la upande wa Taveta. TRA, mamlaka ya mapato ya Tanzania, na KRA, ya Kenya, wote wamo humo. Anza na TRA, akugongee cheti, ndipo uende KRA. Mkenya akifika anaona dirisha la kwao, anapanga foleni hapo, akifikiwa anaambiwa rudi kule. Katika kurudi kule ndipo kijana mwenye kalamu mbili anapopatia riziki yake.

Masharti hayazidi matatu. Mzigo usizidi dola 2,000. Bidhaa iwe kwenye orodha iliyokubaliwa, nayo hubandikwa ukutani, isome kabla hujanunua. Na iwe imezalishwa ndani ya Jumuiya kweli. Mchele wa Kyela hauna tatizo. Mchele wa Pakistan uliofungwa upya kwenye mfuko wenye picha ya Mlima Kilimanjaro si wa Jumuiya, hata mlima uwe mrefu namna gani, na mchele wa nje ushuru wake ni mkali mno. Vilevile ukitupia viatu vya China juu ya vitunguu, cheti kinafunika vitunguu peke yake. Nimeshuhudia mama akilia kwa ajili ya katoni moja ya kandambili.

Sasa sikiliza hili, kwa sababu ndilo linalowagharimu wengi kuliko hata kijana wako. Kiswahili chetu kina neno moja tu, ushuru. Anayekutoza forodhani anatoza ushuru, halmashauri ikikutoza ulikonunua mazao ni ushuru, na kaunti ikikutoza sokoni ni ushuru. Redio ikitangaza "wafanyabiashara wadogo hawalipi ushuru mpakani", mtu anasikia ushuru wote umekufa, anakuja na nauli tu mfukoni. Cheti hiki kimefuta ushuru wa forodha. Mingine iko pale pale. Cheti cha afya ya mimea cha TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea ya Tanzania, unakilipia na ukipate kabla hujapakia, maana KEPHIS, wakaguzi wa mimea wa Kenya, watakiuliza na watakagua mzigo. Kodi za ndani za nchi unakopeleka, kama bidhaa yako inazo, nazo hazikuguswa.

Mkumbuke mahindi ya 2021. Tangu Umoja wa Forodha uanze 2005 tumekuwa tukiambiwa mazao yetu yanapita. Tarehe 5 Machi 2021 Kenya ikatoa barua kusimamisha mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, ile sumu ya ukungu kwenye nafaka. Ushuru wa forodha ulikuwa sifuri na malori yalilala vilevile. Siku chache baadaye wakafungua kwa masharti: mwagizaji asajiliwe, mzigo uwe na cheti kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni, na cheti cha uasili. Mwezi Mei Rais Samia alikwenda Nairobi, mahindi yakazungumzwa tena. Mimi nilikuwa bado kazini. Simu ililia mpaka nikaitia kwenye droo na kuifunga.

La Mang'ola nawaachia wa Karatu. Mimi ni mtu wa mihuri.

---

Dereva wa Kanta

Meku, shikamoo. Maneno yako ni mazuri lakini swali langu ni la mtaani. Nikiwa na neti 600 zangu mwenyewe, si nizigawe kwa majina ya shemeji zangu watatu, kila mmoja na fomu yake? Maana umesema cheti ni cha mtu.

Na niseme ukweli, sisi madereva hatupendi karatasi kwa sababu ya saa. Mwenye gari ananihesabia saa, mpakani hamna anayenihesabia chochote.

---

Meku wa Himo

Marahaba, mwanangu. Nilijua utakuja.

Huo ni uongo, na uongo wa fomu unajulikana haraka kuliko unavyodhani. Ofisa haulizi karatasi, anamwita mtu. Niliwahi kuona shemeji wa namna hiyo ameitwa dirishani, akaulizwa ameuziwa neti kwa bei gani, akamtazama mwenye mali. Akaulizwa vitunguu vyake ni vya rangi gani. Akasema vyeupe. Kanta nzima ilikuwa vitunguu vyekundu.

Ukiwa na neti 600 wewe si mdogo tena, na hakuna aibu hapo. Tafuta wakala mwenye leseni, mlipe, pata cheti kamili. Ushuru wa forodha bado ni sifuri kwa zao la Jumuiya. Unacholipia ni kazi yake. Ugawanye gharama yake kwa neti 600 uone kama inakuua.

---

Kitunguu Maji (Mang'ola)

Dada Mama Neti, mimi nalima huku bondeni, na huenda umeshawahi kunikanyagia tuta.

Amri ipo. Ilitoka mwishoni mwa Julai 2025, imeorodhesha biashara 15 ambazo asiye raia haruhusiwi kuzifanya. Humo mna kutuma pesa kwa simu, saluni, kuongoza watalii, na mna hii inayokuhusu: ununuzi wa mazao shambani. Anayekutwa faini yake haipungui milioni 10 za kwetu, au jela isiyozidi miezi sita. Hayo si maneno ya madalali. Madalali wanayashangilia tu.

Kuja Tanzania hujakatazwa, na kununua kitunguu cha Tanzania hujakatazwa. Kilichokatazwa ni wewe kuja kwenye jaruba langu na kunilipa hapo. Wenzako wa Kenya siku hizi wanakubaliana na mnunuzi mwenyeji mwenye leseni, yeye ananunua shambani, wanakutana sokoni au ghalani. Kabla hujampa mtu pesa yako pita ofisi ya biashara ya wilaya uulize mwenyewe, usimuulize dalali.

Nitasema na la moyoni, wenzangu wa huku wataninunia. Mkenya akija shambani mwenyewe mimi napata bei nzuri. Anachagua, anajua Kongowea wanataka kitunguu cha ukubwa gani, analipa, anaondoka. Sasa kati yangu na yeye ameketi mtu aliyevaa miwani ya jua ambaye hajawahi kushika jembe. Lakini pia msijifanye malaika. Walikuwepo waliokuja kitunguu kikiwa bado cha kijani, wakakopesha mbegu na dawa, na siku ya kuvuna wanafunga lumbesa, gunia lina kilemba kirefu kama cha bwana harusi, halafu wanalihesabu gunia moja. Mkulima mwenye deni anakataaje? Serikali ilipotoa amri, sikushangaa kuona watu wakipiga makofi.

---

Dereva wa Kanta

Na Jumuiya je? Si tuliambiwa soko ni la pamoja? Ama ni la pamoja bendera zikipandishwa tu?

---

Meku wa Himo

Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza tarehe 1 Julai 2010, na Wakenya waliilalamikia amri hii kwa kuitaja hiyo hiyo itifaki. Wana hoja. Lakini mwanangu, itifaki haisimami dirishani, na kitunguu hakisubiri mawaziri wakutane. Mama anataka kupita Jumamosi.

Wala tusijifanye ni Tanzania peke yake. Nimewatajia mahindi ya 2021. Na 2023 wanunuzi wa mahindi ya Tanzania walikwama upande wetu kwa kukosa vibali vya kusafirisha. Kila nchi ina msimu wake wa kufunga mlango.

---

Omusuubuzi (Busia)

Nawasoma nashangaa kidogo. Sisi Busia tunavuka kwenda Uganda na kitambulisho cha taifa mkononi. Kenya, Uganda na Rwanda walikubaliana hivyo tangu 2014. Nyinyi huko bado mnaulizwa pasi?

La msaada kidogo: kwetu wanawake wa samaki na nafaka wana chama, na chama kimemteua mmoja anayejua fomu. Si wakala, ni mwenzao, naye ana mzigo wake humo humo. Anawasomea, kila mtu anatia sahihi yake. Kijana mwenye kalamu mbili hata kwetu alikuwepo. Sasa anauza kadi za simu.

---

Mama Neti (Taveta)

Ndugu wa Busia, sisi bado ni pasi ya kusafiria, au pasi ya muda kwa asiye nayo, na kadi ya njano ya chanjo usiisahau nyumbani. Mimi niliwahi kuisahau chini ya godoro.

Nimerudi kuwapa mrejesho, maana nachukia watu wanaouliza wakapotea.

Sikwenda Mang'ola. Kitunguu Maji, imeniuma. Nimenunua Himo kwa mama mmoja mwenye leseni. Bei imepanda kidogo kuliko shambani, na kati ya neti nilizofungua, mbili zilikuwa na vidogo vilivyofichwa katikati, kitu ambacho nisingekubali kama ningekuwa nimesimama kwenye tuta. Alinibadilishia, lakini kwa kununa.

Cheti cha afya ya mimea tulikipata kabla ya kupakia. Nilimwomba muuzaji risiti yenye bei, akacheka. Nikamwambia bila bei dirishani nitasema nini? Akaandika kwenye daftari la mtoto wake wa shule, idadi, bei, tarehe, akatia sahihi, akachana karatasi. Upande wa pili kulikuwa na hesabu za kuzidisha, mbili zimekosewa. Nikavuka nayo hiyo hiyo.

Tulikwenda TRA kwanza, kama Meku alivyosema. Fomu tatu, wanawake watatu, kila mmoja na jina lake. Mwenzangu wa Mwatate hasomi vizuri, nikamsomea, akajaza mwenyewe polepole mpaka watu wa nyuma yetu wakaanza kuguna. Tukaitwa mmoja mmoja. Mimi niliulizwa nimenunua wapi na bei gani, nikatoa karatasi yangu. Ofisa akaitazama, akaigeuza, akasema saba mara nane si hamsini na nne. Akagonga muhuri. KEPHIS wakapasua neti mbili, wakachagua vitunguu kadhaa, wakavikata, wakaridhika. Tuliingia saa nne asubuhi, saa nane mchana turubai limefungwa tunaondoka. Tulichotoa humo ndani kwa ajili ya cheti cha uasili ni sifuri. Nilimwuliza ofisa mara mbili kama ni kweli sidaiwi.

Kijana wa kalamu mbili alikuwepo, nje, chini ya kivuli. Alinitambua. Akainamia simu yake kama anasoma kitu kirefu sana.

Zile neti 27 bado hatujamaliza mazungumzo. Nimesema hasara tuigawe kwa tatu, kwa sababu jina langu ndilo lililokuwa kwenye fomu na mimi ndiye niliyenyamaza. Mwenzangu wa Mwatate anasema yeye zake hazikuoza, alipe za nini. Hilo Meku hawezi kulitatua kwa muhuri.

Ila safari hii, wakati wa kupakia, yule mwenye neti 90 alikataa kuondoka kwenye kanta mpaka za watu wote zilipopangwa. Zake zikaja mwisho, juu kabisa. Akazihesabu mwenyewe, kisha akashuka.